Kibao cha Chaki na Maneno ya Bibi Ntandu

Rajabu alizikwa Tanga, na mimi nilifika watu wakiwa wameshatoka makaburini. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kwa basi kutoka Singida, magoti yamevimba, nguo zimejaa vumbi la barabarani. Jioni, baada ya dua, mwanawe mkubwa aliomba wale tuliowahi kufanya kazi na marehemu tuseme neno. Walisimama wazee wawili wakasema vizuri, kwa mpangilio. Zamu yangu ilipofika nikasimama, nikasema, "Alinifundisha kazi. Mungu amrehemu," nikakaa. Watu wakaitikia amina, sinia la kahawa likapita. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimejikasirikia. Maneno manne tu kwa mtu aliyenitoa kwenye ghala la alizeti akaniingiza katika kazi iliyonilisha na kunipa jina kwa miaka zaidi ya thelathini! Wala si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa na mwaka mzima wa kusema, na ndio huo ninaouandika hapa, ili watoto wake wausome kama wakipenda.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini. Ilikuwa enzi ya kuhamia vijijini, na mimi nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima upande wa Mtinko. Darasa letu lilikuwa ghala la ushirika. Wanafunzi wangu, wengi wao akina mama, walikaa juu ya magunia ya alizeti, watoto mgongoni, vibao vya kuandikia mapajani. Mpaka leo nikisikia harufu ya alizeti kavu naona herufi. Asubuhi moja ya kiangazi, upepo ule wa Singida unavuma mpaka mabati yanapiga kelele, gari la serikali likasimama mlangoni. Wakashuka watu watatu na dereva wao. Wa kwanza alikuwa Ndugu Mhina, mtengenezaji wa filamu, mwembamba, mwenye miwani, amevaa sweta mbili kwa sababu baridi yetu ilikuwa imemshika vibaya mtu wa pwani. Wa pili alikuwa Rajabu, mpiga picha, kijana wa kama miaka thelathini, kamera ameikumbatia kifuani jinsi mama anavyokumbatia mtoto mwenye homa. Wa tatu alikuwa karani kutoka mjini, waliyempata awe mkalimani wao. Wakati huo bara hatukuwa na televisheni. Filamu tulizozijua ni zile za gari la sinema, lililopita mara moja kwa mwaka, likatundika shuka jeupe na kutuonesha kilimo bora na hotuba. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba zile picha kuna watu wanaozitengeneza, na kwamba watu hao huona njaa na baridi.

Ndugu Mhina alitaka akina mama wasome bila kuitazama kamera. Akamwambia karani, "Waambie waendelee kusoma, wasiitazame mashine." Karani akasema maneno yake ya Kinyaturu, Kinyaturu cha sokoni, cha kuulizia bei ya kuku, na darasa zima likafumba macho. Rajabu akaiacha kamera akasimama wima. Mimi kicheko kikanitoka kabla sijakizuia.

"Mwalimu, unacheka nini?" Ndugu Mhina akauliza.

"Samahani, ndugu. Amewaambia wafumbe macho."

Hakucheka. Alinitazama, halafu akautazama ubao nilioandika tangu asubuhi. "Mwandiko huu wa nani?"

"Wangu."

Akatoa garini kibao cheusi chenye ubao mwembamba wa kupigia juu yake, akanipa pamoja na chaki. Akaniambia niandike namba ya tukio, nikishikilie mbele ya kamera, nikipige, kisha niondoke haraka. Nikaandika, nikapiga. Mlio ulikuwa mkubwa kuliko nilivyotarajia, mtoto mmoja akaanza kulia, na Rajabu, jicho likiwa bado kwenye kamera, akasema, "Vizuri. Ila mara nyingine usiruke." Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye filamu: kwa kicheko nisichokizuia na mwandiko uliosomeka. Karani akarudishwa mjini siku hiyohiyo, na mimi nikaombewa ruhusa ya wiki tano kwa wakubwa wa elimu.

Tulifikia kwa Mama Zuhura, mjini Singida. Alikuwa mjane wa Kiislamu, babu yake alikuja na biashara kutoka pwani akaoa huku, na yeye akawa ni mtu wa kotekote. Akiwa dukani Kiswahili chake kilikuwa laini, akimgombeza mbuzi alimgombeza kwa Kinyaturu. Duka la vitenge lilikuwa mbele, vyumba vya wageni nyuma, na katikati ua wenye jiko la kuni na kamba za kuanikia. Mimi nilipewa chumba kidogo kilichopakana na chumba cha wanaume, na ukuta wa kati haukufika juu kabisa, kwa hiyo nilisikia kila kitu, kuanzia kikohozi mpaka ugomvi. Chakula cha kwanza tulichokula pale tulikula uani, tukiwa tumelizunguka sinia: ugali wa uwele, mlenda na maziwa ya mgando. Ndugu Mhina aliutazama ule ugali mweusi muda mrefu.

"Mama, wali hakuna?"

"Upo," Mama Zuhura akamjibu. "Njoo siku ya Idi."

Rajabu alikuwa ameshakata tonge, ameshachovya, anameza. "Kula, ndugu yangu," alimwambia. "Kesho unataka kuwapiga picha watu wakilima. Sasa utawajuaje kama hujui wanachokula?" Tangu siku hiyo alikuwa akila chochote alichopewa katika nyumba yoyote tuliyoingia, na nilikuja kuona kwamba nusu ya upigaji picha wake ilikuwa hapo. Watu walimzoea wakiwa wanamlisha. Akishika kamera walikuwa wameshamsahau.

Filamu ilikuwa kitu adimu. Ilitoka nje ya nchi, na ikishapigwa ilirudishwa huko huko Ulaya kusafishwa, ndipo irudi Dar es Salaam kukatwa na kuunganishwa. Rajabu alikuwa akisimama nusu saa akimtazama mtu anayetwanga, hapigi, anatazama tu, halafu anabonyeza mara moja na kuacha. Mchana baada ya chakula aliketi kwenye mkeka, akatia mikono ndani ya mfuko mweusi usiopitisha mwanga, wenye mikono miwili kama shati lililoshonwa shingo, na humo ndani, bila kuona, akatoa filamu iliyopigwa na kupachika mpya. Siku ya tatu alinikuta namtazama. Alichukua rola moja la filamu lililokwisha muda wake, akalitia kwenye ule mfuko pamoja na kisanduku cha kamera kinachobeba filamu, akanisogezea.

"Tia mikono."

"Mimi?"

"Kwani humu nani mwingine ana vidole vyembamba? Hili limeshaharibika, liharibu mara mia."

Nililiharibu mara mia kweli. Mle ndani kulikuwa na joto, viganja vinatoa jasho, filamu inajipinda na kukukata ukucha. Nilikuwa nafumba macho, naye ananiambia nisifumbe. "Tazama mbali, zungumza na watu, vidole waachie kazi yao." Kwa hiyo nilijifunza kupakia filamu huku nikimsikiliza Mama Zuhura akisimulia nani kaposa wapi. Siku niliyofaulu mara ya kwanza sikupiga kelele. Nilitoa mikono tu, nikampa, akafungua, akakagua, akasema, "Sasa nenda kanawe, tuna kazi." Nilikwenda kunawa. Ndipo nilipojua kwamba naitaka kazi hii, na kwamba nikirudi kwenye magunia ya alizeti nitakuwa nimeacha kitu changu mle mfukoni.

Jioni hiyo nikasikia juu ya ukuta sauti ya Ndugu Mhina. "Rajabu, usimtie msichana wa watu matumaini. Kule kwetu mwanamke ni mpiga taipu. Hakuna mwingine."

"Basi atakuwa mpiga taipu anayejua kupakia filamu," Rajabu akajibu.

"Mimi sisemi hajui. Nasema hakuna nafasi. Na huyu kazi yake ni kutafsiri. Akitafsiri vizuri, nitamwandikia barua nzuri, basi."

Nililala juu ya maneno hayo. Akitafsiri vizuri. Siku zilizofuata nilijitahidi kuwa mkalimani asiyesumbua. Ndugu Mhina alikuwa mtu wa haraka, aliyechoka, anayehesabu dakika za filamu zilizobaki, na nikagundua kwamba alifurahi nikimpa majibu mafupi yanayolingana na alichokuja kukitafuta. Nikaanza kuyafupisha. Mwanzoni nilipunguza maneno tu. Sikujua kwamba mkono ukishazoea kukata, haukati maneno peke yake.

Katika wiki ya nne tulikwenda kwenye kijiji kipya, upande huohuo wa Mtinko, ambako watu walikuwa wamehamishwa kwa malori miezi miwili kabla. Nyumba zilikuwa zimepangwa kwenye mistari, nyingine hazijaezekwa. Tulifuatana na afisa mmoja aliyetumwa kutuongoza, kijana mwenye suti ya mikono mifupi, ambaye hakuwa mtu wa huku na hakujua Kinyaturu. Alitupeleka kwa Bibi Ntandu kwa sababu nyumba yake ilikuwa karibu na bomba la maji. Bibi alikuwa ameketi nje kwenye ngozi ya ng'ombe, anachambua uwele kwenye ungo. Nikamsalimu, shikamoo bibi, akaitikia, akauliza mimi ni wa nani, nikamweleza, akaitikia kwa kichwa, akanijua. Rajabu alikaa naye muda, akala alichopewa. Kisha kamera ikawekwa, nikaandika kibao, nikapiga. Ndugu Mhina akasema nimuulize anayaonaje makazi mapya.

Bibi Ntandu hakuharakisha. Aliutua ungo chini. Alisema, kwa Kinyaturu, nami nayakumbuka kama alivyoyasema: "Maji yako karibu, hilo sikatai, mgongo wangu unashukuru. Lakini mtu huulizwa kwanza. Mimi sikuulizwa. Lori lilikuja, nikapakiwa pamoja na kuku wangu. Tembe langu alilijenga mume wangu, na mlango wake nimeuacha umesimama peke yake, kwa sababu nyumba nzima ilibomolewa lakini mlango ulikataa. Nikilala naota naufungua." Alizungumza kwa utulivu, akiitazama kamera moja kwa moja, na Rajabu hakuisimamisha mpaka bibi alipochukua tena ungo wake.

"Anasemaje?" Ndugu Mhina akauliza.

Afisa alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Nikitaka naweza kumsingizia yeye. Watu wengi nimewasimulia hivyo, kwamba niliogopa. Lakini ukweli ni kwamba afisa hakuwa ananitazama hata kidogo, alikuwa anajipangusa viatu. Nilichokiogopa ni kumwambia Ndugu Mhina kwamba dakika zake za filamu zimepotea bure, na kwa njia hiyo kuipoteza barua yangu nzuri. Nikasema, "Anasema anashukuru. Maji yako karibu."

"Maneno yote yale ni hayo tu?"

"Wazee wetu husema kwa kuzunguka, ndugu."

Akaandika kwenye daftari. Rajabu aliniangalia mara moja, akaanza kufungua miguu ya kamera. Bibi Ntandu, ambaye Kiswahili alikuwa akikisikia kidogo, alinitazama pia. Alinipa kikombe cha maziwa kama alivyowapa wengine, nami nikayanywa mpaka tone la mwisho.

Wiki tano zilipoisha, Ndugu Mhina na Rajabu wakaondoka kurudi Dar es Salaam. Rajabu aliniachia ule mfuko mweusi na rola lake bovu. "Nina mwingine Dar," alisema, nami nilijua hana. Nikarudi kwenye ghala langu. Mvua zikaja, watu wakalima, darasa likapungua, na kila siku mchana nilitia mikono kwenye mfuko nikapakia na kupakua, wanafunzi wangu wakinicheka kwamba mwalimu anakanda unga usioonekana. Niliandika barua ya kuomba kazi kwenye ofisi yao ya filamu, nikaambatisha ile barua nzuri ya Ndugu Mhina. Nikasubiri wiki nyingi. Jibu lilikuja limepigwa taipu vizuri sana: ombi langu limepokelewa, ila kwa sasa hawana nafasi ya karani wala ya mpishi. Mimi sikuwa nimeomba ukarani wala upishi. Nilimpelekea Mama Zuhura ile barua siku ya gulio, akaisoma, akaikunja, akafungia tumbaku ya jirani yake. "Andika nyingine," alisema. Nikaandika nyingine, na hiyo haikujibiwa kabisa.

Kiangazi kilichofuata filamu ilikuwa tayari, na gari la sinema likaja kuionesha kulekule ilikopigwa. Ndugu Mhina na Rajabu walifuatana nalo, kwa sababu walitaka kupiga picha za watu wakijitazama. Kwenye gari lile kulikuwa na desturi: maelezo ya filamu yalikuwa kwa Kiswahili, na pembeni alisimama mtu mwenye kipaza sauti akayafasiri kwa lugha ya mahali, ili wazee wasipitwe. Ndugu Mhina akanitumia ujumbe kwamba mtu huyo niwe mimi. Niliruka kwa furaha ghalani. Halafu nikakumbuka tunaanzia kijiji gani.

Shuka lilitundikwa mara tu baada ya magharibi, kati ya nguzo mbili, kwenye uwanja wa shule. Kijiji kizima kilikuja, na mbele kabisa, kwenye ngozi yake, aliketi Bibi Ntandu, amejifunga kitenge kipya. Wajukuu walikuwa wamemwambia kwamba yumo. Nilisimama karibu na spika, nikifasiri kuhusu bomba, kuhusu zahanati, kuhusu darasa langu mwenyewe. Watu walikuwa wakicheka na kutajana majina. Ndipo uso wake ukalijaza shuka lote. Rajabu alikuwa amempiga picha nzuri mno, kila mkunjo, mikono inautua ungo. Midomo ikaanza kusema, muda mrefu, na juu yake sauti ya mwanamume wa Dar es Salaam ikasema kwa ufupi: "Bibi huyu anaishukuru serikali kwa kumsogezea maji." Kisha sauti ikanyamaza, na midomo ya bibi ikaendelea kusema bila sauti, na watu wote wakanigeukia mimi niwape maana.

Sikupanga nilichokifanya. Nilikuwa na bibi wawili mbele yangu, mmoja mkubwa kwenye shuka, mmoja mdogo kwenye ngozi, na wote wawili walikuwa wananingoja. Nikasema, kwa Kinyaturu, ndani ya kipaza sauti: "Maji yako karibu, hilo sikatai, mgongo wangu unashukuru. Lakini mtu huulizwa kwanza." Nikaendelea mpaka kwenye mlango. Spika lile lilikuwa na nguvu, maneno yalikwenda mpaka kwenye miamba yakarudi. Nilipomaliza, Bibi Ntandu alisema kwa sauti yake ya kawaida, "Ndivyo. Ndivyo nilivyosema." Na kutoka nyuma mzee mmoja akaitikia, "Ndivyo," na mwingine, na mwingine, mpaka dereva wa gari la sinema akadhani wanashangilia, akawasha taa ya garini kuwaona.

Asubuhi afisa alikuwa ameshaambiwa. Tuliitwa, tukakaa kwenye benchi, mimi katikati. Aliuliza nani aliniruhusu kuongeza maneno yasiyokuwamo kwenye filamu ya serikali. Nilifungua mdomo, lakini Ndugu Mhina alinitangulia.

"Ni mimi."

"Wewe ulimwambia aseme vile?"

"Mkalimani ni mtu wangu. Anachosema mkalimani wangu nimekisema mimi. Kama kuna barua ya kuandika, andika jina langu. Lina h moja tu. Mhina."

Yule kijana hakuandika barua. Alisema tu kwamba filamu iendelee kuoneshwa, ila msichana huyu asishike tena kipaza sauti. Tulitoka. Nilipoanza kushukuru, Ndugu Mhina alinikatiza, na sijawahi kumwona amekasirika vile. "Mwaka jana nilikuuliza anasemaje. Ukanidanganya. Si bibi, si afisa, ni mimi uliyenidanganya. Nimeikata filamu nzima kwa neno lako. Sasa imeshatoka, haibadiliki, na huko Shelui na kwingine itasema uongo wako kila jioni mpaka filamu ichakae." Akaingia garini akafunga mlango. Alisema kweli. Filamu ile ilioneshwa miaka mingi na ile sauti juu ya ile midomo, na mimi, ambaye watu hunisifu kwa siku ile ya kipaza sauti, ndiye niliyeiandika.

Mchana tulikuwa kwa Mama Zuhura. Nilikuwa naye jikoni, napika chai, na wanaume walikuwa chumbani na dirisha liko wazi. Tukasikia. "Mtu aliyenidanganya mara moja," Ndugu Mhina alikuwa anasema.

"Akajisahihisha mbele ya kijiji kizima," Rajabu akasema. "Wewe umeshawahi? Mimi sijawahi. Nimepiga picha watu wakiambiwa watabasamu, nikabonyeza, nikala mshahara. Ndugu Mhina, kule chumba cha kukatia filamu umekuwa ukilalamika kwamba vijana wanakata bila kusikiliza kinachosemwa. Huyu anajua sasa kinachotokea ukikata vibaya. Hakuna chuo kitakachomfundisha zaidi ya hapo."

Mama Zuhura akachukua sinia la chai mikononi mwangu, akaingia nalo bila kubisha hodi. "Ndugu Mhina," nikamsikia anasema, "chai hii kaipika Tekla. Kama humtaki, usiinywe." Nilisimama pale jikoni, moshi machoni, nikisikiliza kama kuna mlio wa kikombe. Baada ya muda nikausikia. Halafu sauti ya Ndugu Mhina, nzito: "Muite. Aje aniambie kama anaweza kuishi Dar es Salaam bila ugali huu mweusi."

Kabla ya safari nilikwenda kumuaga Bibi Ntandu. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, nikamaliza hata kabla hajajibu salamu. Alinisikiliza. "Uliyachelewesha," alisema, "lakini yamefika." Kisha akaniuliza kama kweli yeye yumo ndani ya lile sanduku la mabati la filamu, nikamwambia yumo. "Basi msinifungie humo bure. Nipelekeni Ilongero. Mdogo wangu yuko kule, miguu yake na yangu imekataa njia. Anione."

Ilongero ilikuwa kituo chetu cha mwisho. Kipaza sauti alikishika karani mwingine, na mimi nilikuwa nyuma ya mashine ya kuoneshea, nikisaidia kupachika filamu. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza nikiwa mtu wao. Uso wa Bibi Ntandu ulipotokea, mwanamke mzee alinyanyuka katikati ya watu waliokaa, akaenda mbele mpaka kivuli chake kikaingia kwenye shuka. Alifanana naye kila kitu, isipokuwa alikuwa mfupi. Akaanza kuzungumza, na karani akanyamaza kwa sababu hakujua afanye nini. Rajabu aliinama akaisimamisha mashine, akairudisha nyuma kidogo, akaiwasha tena ili uso ubaki. Alifanya hivyo mara tatu, na mara zote tatu yule mama aliendelea kusema.

Ndugu Mhina alinijia gizani. "Anasemaje?"

"Anasema, dada umekonda. Anauliza kama huko unapata maziwa. Anasema siku ile ya lori alitaka kuja, lakini habari zilimfika umeshapakiwa. Anasema yule ng'ombe wako mwekundu uliyemwachia amezaa, ndama jike, mwenye doa jeupe begani, na hajampa jina, anakungoja wewe umpe. Anasema amekaza macho lakini humjibu, labda huko uliko hakuna sauti."

"Ni hayo tu?"

"Bado anasema, ndugu."

"Basi endelea. Usiache kitu."

Nikaendelea mpaka yule mama alipochoka akaketi. Kesho yake tulikuwa tuchukue barabara ya Manyoni kuwahi treni ya Dar es Salaam. Sanduku langu lilikuwa limeshafungwa juu ya gari. Ndugu Mhina alipanda, akavaa sweta yake ya pili, akamwambia dereva ageuze gari tupitie kwanza kule upande wa Mtinko. Dereva akasema treni itatuacha. "Kuna nyingine," akajibiwa. Tulifika kijijini jua linapanda, na Bibi Ntandu yuko nje anaanika uwele wake. Rajabu akanifungulia mlango, nikashuka mimi, nikamsalimu, nikakaa naye kwenye ngozi, na kabla hajaniuliza kwa nini nimerudi nikamwambia kwamba ng'ombe wake amezaa.